Sura ya Tano: Vioo vya Kabati

Sajini Mektilda Ng'washi alichuchumaa kwenye karakana ya Dastan, fundi vioo wa Bariadi, akavitazama vioo vinne vya zamani vilivyolazwa juu ya gunia la pamba. Dastan alikuwa ameviondoa juzi kwenye madirisha ya ubavuni ya Landrova kuukuu, akaweka vipya alivyovikata mwenyewe kwa kipimo. Gari lenyewe sasa lilikuwa uani kwa polisi, likigombewa na watu wawili. Lilikuwa limepakwa rangi nyeupe, limebandikwa namba mpya, hata viti vilibadilishwa. Kilichobaki kusema lilikotoka ni vioo hivi tu.

Kisa kilikuwa kifupi na kibaya. Siku ya mnada mzee Athanasi Machibya, katekista wa kigango kimoja huko Mwamapalala, alipita mbele ya karakana, akaiona Landrova na vioo vyake, akasimama kama aliyeitwa jina. Kisha akaenda polisi moja kwa moja. Alisema hilo ni gari lake lililopotea miaka mitatu iliyopita, na kwamba aliyeliuza anamjua: ni Salu, mwanawe wa kumzaa. Kabla jua halijatua Salu alitolewa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba alikokuwa akipakia marobota, akatiwa mahabusu. Naye Josia Mashimba, mmoja wa wafanyabiashara hawa wapya walioruhusiwa kununua pamba, akaja juu na kadi ya gari yenye jina lake. Yeye alilinunua Mwanza, mchana kweupe.

Mkuu wa Upelelezi alikuwa mtu wa kutaka mambo yaishe. "Sajini, leo ndiyo mwisho," alimwambia Mektilda asubuhi. "Kama gari ni la mzee, huyo kijana kesho yuko mbele ya hakimu. Kama si lake, mpe Josia gari lake aende zake."

Hapo ndipo Mektilda alipoona ugumu. Akimsaidia baba kupata gari, atakuwa amemfunga mtoto. Akimnusuru mtoto, gari litaondoka na mzee atashuka kaburini akiamini amezaa mwizi. Kazi ya upelelezi ina siku zake za kukera, na hii ilikuwa mojawapo.

"Uliviondoa wewe mwenyewe?" alimuuliza Dastan.

"Kwa mikono hii, afande. Vioo vya Landrova za namna hii huvipati dukani, hata Mwanza hakuna. Ukivitaka unakata. Hivi vya zamani nilivitumia kama kipimo, ndiyo maana sijavitupa. Na kila kimoja nimekifunga pamoja na mlalo wake."

"Mlalo upi?"

Dastan akafungua kamba, akamwonyesha ukanda mrefu wa ngozi ya ng'ombe, manyoya bado yamo. "Sisi kwenye mfereji wa dirisha tunaweka mpira, kioo kisigonge bati. Huyu aliweka ngozi. Nilipoiona nilicheka, lakini kioo kilikuwa kimetulia, hakichezi."

Mektilda hakucheka. Alikulia Mwandoya kwenye boma la ng'ombe, na aliikumbuka miaka ile ya foleni, mpira haupo, sabuni haipo, sukari inasikika redioni. Mwenye ng'ombe ndiye aliyekuwa na kamba, mkanda na bawaba ya mlango. Sasa maduka ya Bariadi yalijaa mipira kutoka Dubai na hakuna mtu ambaye angehangaika na ngozi. Aliyeviweka vioo hivi aliviweka zamani, akiwa mfugaji, na akiwa hana kitu kingine.

Aliinua kioo cha kwanza, akakitazama ukingoni. Ukingo ulikuwa wa kijani iliyokolea. Cha pili vilevile, na cha tatu. Cha nne kilikuwa chembamba zaidi na ukingo wake ulikuwa mweupe.

"Na hiki kishimo?" Alipitisha kidole kwenye kibonyeo kirefu kilichosuguliwa upande mmoja wa kioo cha kwanza. Kilikuwepo kwenye vile vitatu tu.

"Hicho ni cha kidole, cha kusukumia. Vioo vya kabati la vyombo ndivyo vinavyokuwa hivyo." Dastan akasita. "Kuna kituko kingine. Kwenye gari, kishimo kilikuwa kimeelekea nje. Aliyekaa ndani hana pa kushika, lakini aliyesimama nje anasukuma kwa kidole na dirisha linafunguka. Komeo lenyewe halikuwepo."

"Hiki cha nne je?"

"Cha nne kina komeo. Nadhani kiliwekwa baadaye, na mtu mwingine."

Mektilda akachukua ngozi ya kioo cha nne, akaipeleka mwangani, akaanza kuyapekua manyoya yake kwa ncha ya pini ya nywele, kama mtu anayemtafutia ng'ombe kupe. Punje za kioo zikaanza kudondoka kwenye kiganja. Zilikuwa za kijani, ile ile iliyokolea. Gari lilikuwa limeoshwa mara ngapi tangu lipotee, na manyoya ya ng'ombe yalikuwa yamezishika tu. Akazitia kwenye kiberiti kitupu, akakifunga.

"Zipo na nyingine," alisema Dastan. "Nilipong'oa bati la sakafu ya nyuma nilikuta vipande pembeni. Sikuvijali."

"Ndani ya gari?"

"Ndani."

Kilivunjwa kutokea nje, basi. Mektilda alisimama, akakung'uta sketi. Wakati huo huo pikapu ya Josia ikaegesha mlangoni, na mwenyewe akashuka akiwa amevaa kofia pana na uso wa mtu aliyechoka kusumbuliwa.

"Sajini, nina mtu Arusha anayataka haya magari ya kizamani kuliko mke. Anataka liwe kama lilivyozaliwa. Vioo vimekatwa kwa ajili yake. Nitamwambia nini?"

"Mwambie asubiri. Gari la kituo halina mafuta, Josia. Nipeleke Mwamapalala."

"Nikupeleke ukatafute ushahidi wa kuninyang'anya gari langu?"

"Si unasema ni lako? Hofu ya nini?"

Josia akamtazama, akatikisa kichwa, akafungua mlango wa pikapu. Alikuwa mfanyabiashara, lakini hakuwa mtu mbaya. "Ila vioo hivyo utavipakata mwenyewe," alisema.

Walipitia kituoni kwanza. Salu alikuwa kijana wa mikono mikubwa, nyuzi za pamba zimemganda kwenye nywele. Alisimama alipomwona Sajini, kama alivyofundishwa nyumbani kwao.

"Kaa. Nieleze tena siku ile."

"Nilimpeleka mgonjwa Lamadi, afande. Barabara iliishia mbali na kwao, na mwenyewe hakuweza kutembea peke yake. Nikafunga milango, nikamshika mkono mpaka nyumbani kwao. Kurudi, gari hakuna. Nikaja nyumbani na ufunguo mkononi."

"Mtu bila ufunguo angeliwashaje?"

"Kuliwasha ni kugusanisha waya tu, kila dereva anajua. Ufunguo ulikuwa wa mlango."

"Na siku ukisahau ufunguo ndani, ulikuwa unaingiaje?"

Salu akainama. Tabasamu dogo likampita usoni, la kwanza tangu akamatwe. Akainua kidole, akakisukuma hewani taratibu kuelekea kulia. Kisha tabasamu likazimika.

"Kwa nini hukujitetea mbele ya baba yako?"

"Nilijitetea, afande. Lakini baba alishatangaza kanisani kwamba hana tena mtoto wa jina langu. Akisema, amesema. Ninayemwonea huruma ni mayu, mama yangu."

Mektilda alitamani kumwambia neno la kumtia moyo, lakini askari hatoi asichokuwa nacho mkononi. Akaondoka.

Boma la mzee Athanasi lilikuwa limezungukwa na pamba iliyokwisha kuvunwa, miti yake mikavu ikingoja kuchomwa. Veronica, mke wa mzee, alikuwa barazani akibangua karanga. Mektilda akapiga goti kidogo, kama inavyompasa mtu mdogo.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, ng'wana wane. Karibuni, wanangu."

Macho ya mama yule yalikwenda kwenye blanketi lililofunika vioo, yakaganda hapo. Mzee Athanasi akatoka ndani akifunga vifungo vya shati. Mektilda akalifunua blanketi juu ya mkeka.

Mzee hakuhitaji kuinama. "Vyangu," alisema. "Niliviweka mwenyewe, mwaka ule mvua ya mawe ilipovunja madirisha ya gari na vioo vikawa havipatikani."

"Si vyake," alisema Veronica.

Hata Josia, ambaye neno lile lilimpa gari, hakulichangamkia.

"Veronica, unasema nini? Si vilitoka kwenye kabati lako?"

"Kabati langu halikuwahi kuwa na vioo."

Kutoka barazani, mlango ukiwa wazi, kila mtu aliliona kabati lile la vyombo pale sebuleni, lile analopewa bibi harusi wa Kikristo aende nalo kwa mume. Lilikuwa na mifereji miwili juu na miwili chini, imelainika kwa kusuguliwa. Pale vilipotakiwa kuwepo vioo palining'inia kitambaa cha maua kilichofuliwa mpaka kikapauka. Mektilda alishahoji wezi wa ng'ombe, waghushi na matapeli wa pamba, na hakuwahi kusikia uongo uliotungwa vibaya kama ule. Wala hakuwahi kusikia uliotoka kwenye upendo mwingi kiasi kile. Vioo visipokuwa vyao, gari si lao. Gari lisipokuwa lao, hakuna wizi, na Salu atalala kwake.

Akaomba maji ya kunywa. Veronica akaingia ndani kuyachota, naye akamfuata, akasimama akiangaza macho huku na huku. Ukutani, karibu na msalaba, palikuwa na picha ya kijana siku ya Kipaimara, shati jeupe, mikono imekunjwa mbele. Picha ilikuwa nyembamba ajabu. Wenzake wa kulia na kushoto walikuwa wamekatwa, limebaki bega la mmoja.

"Salu huyu?"

"Ndiye."

"Mbona mmeikata hivi, mayu? Wenzake wamekwenda wapi?"

"Kioo ndicho kilikuwa chembamba," alijibu Veronica, akimimina maji. Kisha kikombe kikamsimama mkononi.

Mektilda alikipokea kikombe, akanywa kwanza, kwa heshima. Baadaye akaiteremsha picha, akaipeleka barazani, akarudisha misumari nyuma na kukitoa kile kipande cha kioo. Ukingo wake ulikuwa wa kijani. Upande mmoja ulikuwa umenyooka. Wa pili ulikuwa na mabonde mabonde, ulivyomegwa kwa koleo na mtu asiye na kifaa cha kukatia. Akajaribu kuuoanisha na kioo cha kwanza, ukakataa. Cha pili, ukakataa. Kwenye cha tatu mabonde yakaingia kwenye vilima vyake, na mstari ukatoweka. Kioo cha kabati kikawa kizima tena juu ya mkeka, kama siku kilipotoka kwa fundi.

Josia akavua kofia. "Basi gari si langu," alisema polepole.

Veronica akaketi chini, akajifunika uso kwa upande wa kitenge. "Umenifungia mwanangu," alisema. "Nimekupa maji nyumbani kwangu, na umenifungia mwanangu."

"Bado, mayu." Mektilda alimshika bega. "Kazi bado. Baba, njoo nikuulize."

Mzee Athanasi alisogea. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Hiki kishimo cha kidole. Kwa nini ulikielekeza nje?"

Mzee alionekana kuona aibu kidogo. "Kabati hufunguliwa kutoka nje. Nami nikaviweka vilevile. Nilipogundua nimekosea, ngozi ilikuwa imeshakauka na kushika. Tukaacha. Tukazoea."

"Nani alijua?"

"Sisi wa nyumba hii. Mimi, huyu mama, na..." Hakulitaja jina. "Jambo la namna hiyo humwambii mtu wa nje."

"Ukisahau ufunguo ndani?"

Mkono wa mzee ukafanya wenyewe. Kidole kikainuka, kikasukuma hewa taratibu kuelekea kulia, sawasawa na kile cha mahabusu. Mektilda akakohoa.

Akafungua kiberiti, akamwaga punje za kijani juu ya kioo cha nne, kile cheupe. "Hizi nimezitoa kwenye manyoya ya ng'ombe wako, baba, chini ya kioo hiki ambacho si chako. Chako kilivunjwa, na kilivunjwa kuelekea ndani. Aliyelichukua gari alisimama nje, akapiga kioo, akaingiza mkono. Mtu wa nyumba hii angevunja kwa nini dirisha linalofunguka kwa kidole?"

Mzee akasema, "Labda alivunja aliyeuziwa."

"Aliyeuziwa hupewa ufunguo. Uko wapi?"

Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa. Ulikuwa kwenye msumari juu ya mlango, mahali Salu alipoutundika siku aliporudi kwa miguu.

"Nilisema alichongesha wa pili," alisema mzee, na sauti ilikuwa imepungua.

"Aliye na ufunguo wa pili anafungua mlango, baba. Havunji kioo akawashtua watu wa Lamadi."

"Na ng'ombe? Mwaka uleule alipeleka ng'ombe wa mahari. Aliwatoa wapi?"

Veronica akaondoa kitenge usoni. "Kwa kaka yangu, kule Sola. Nilikwambia siku ile ile ni wa mjomba wake. Ukasema namfichia. Miaka mitatu nimefunga mdomo, Athanasi, kwa sababu kila nilichosema kilikuwa kumfichia. Leo nimedanganya kweli kwa mara ya kwanza, na hata sikuweza."

Mzee alizitazama punje za kioo kwa muda mrefu. Kuku walikuja wakadonoa karanga, hakuna aliyewafukuza. Mwishowe akanyoosha mkono, akazikusanya moja moja kwa kidole, akamrudishia Sajini kwenye kiberiti, asipoteze hata moja.

"Nilisema mbele ya watu," alisema.

"Basi utasema tena mbele ya watu," alijibu Veronica. "Jumapili. Na mimi nitakaa kiti cha mbele nisikie."

"Nitasema."

Akainuka, akautoa ufunguo msumarini. Veronica akajifunga kitenge vizuri akasema haachwi nyuma, na hakuna aliyethubutu kumwacha. Njiani Josia aliendesha taratibu kwa ajili ya vioo. Alimweleza Mektilda habari zote za mtu aliyemuuzia gari, mtaa anaokaa Mwanza na jino lake la dhahabu, bila hata kuulizwa.

"Kesho nakupeleka mwenyewe," alisema. "Mafuta juu yangu. Huyo mtu ana maneno ya kuniambia."

Kituoni Mkuu wa Upelelezi alisikiliza, akakitikisa kiberiti sikioni, akaziangalia punje, akasema kwamba kwa hapo amekubali. Gari litabaki kuwa kielelezo mpaka mwizi wa kweli apatikane. Kijana atatoka kwa dhamana leo leo, maana karatasi za mashitaka dhidi yake zitafutwa kesho. Akauliza nani anamdhamini.

"Mimi," alisema mzee Athanasi. "Baba yake."

Salu alitolewa akiwa ameshika viatu mkononi. Alipofika uani akamwona mama yake, akataka kumwendea, kisha akamwona baba yake amesimama karibu na gari, akasita. Hapakuwa na aliyemfundisha mzee yule namna ya kuomba radhi kwa mtoto. Aliligeukia gari. Akainua kidole, akakiweka kwenye dirisha la nyuma pale kilipozoea kwenda miaka yote ile, akasukuma.

Kidole kiliteleza. Kioo kipya cha Dastan kilikuwa laini kila mahali na komeo lilikuwa kwa ndani. Mzee alijaribu tena, kisha akaacha, akabaki ameweka kiganja chote juu ya kioo. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mektilda akageuza uso upande mwingine, na hakuona haya kwamba macho yake nayo yalikuwa yamelowa.

Salu akavaa viatu. Akaja, akasimama kando ya baba yake, asijue aweke wapi mikono yake mikubwa.

Mzee Athanasi akatia mkono mfukoni, akautoa ufunguo. Akamshika mwanawe mkono, akaufumbua, akauweka humo, akaufumba.

"Fungua wewe, ng'wana wane," alisema. "Mimi sijui tena kulifungua. Na mama yako amechoka kusimama."